Siku Walipofagia Kwa Phyllis

Ukitoka Kaaga ukiteremka kuelekea mjini Meru, kuna mahali barabara ya shule inapoingia kwenye barabara kuu, na hapo makanga hupaza sauti, "Kwa Phyllis! Kuna mtu wa Kwa Phyllis?" Abiria huitikia bila kuinua macho kwenye simu zao. Ukiwauliza huyo Phyllis ni nani, wengi watakuambia labda ni mwenye duka la rangi lililo hapo, au mwenye nyumba za kupanga zilizo nyuma yake. Wanafunzi wageni hudhani ni jina la mtaa tu. Ni mtu mmoja tu ambaye jina hilo likitajwa hugeuza kichwa kidogo, kisha akakumbuka, akaendelea na shughuli zake. Huyo ni Mwongera, mwenyekiti wa wanabodaboda wa njiapanda hiyo. Phyllis alikuwa mke wake.

Mwongera ni mtu wa usafi. Nasema hivyo kwa heshima, ingawa usafi huohuo ndio uliomponza. Steji za boda mnazijua: maganda ya miwa, mafuta yaliyomwagika, chupa za plastiki, vijana wamejilaza juu ya pikipiki. Steji yake haikuwa hivyo. Ilifagiwa kila asubuhi kabla pikipiki ya kwanza haijawashwa, na kijana aliyekwepa zamu yake ya ufagio alikaa foleni bila abiria mpaka akili imrudie. Vijana walimcheka kisogoni, lakini walipokuwa mbele ya steji nyingine walijisifu naye.

Usafi huo aliupata kwa mama yake, huko Timau kwenye baridi, ambako baba yake alikuwa kibarua katika shamba la ngano. Mwaka wa ile njaa ya mahindi ya manjano, ilitangazwa kanisani kwamba mchungaji angezunguka nyumba kwa nyumba aone ni nani wameishiwa kabisa, ili msaada ujue pa kwenda. Mama yake Mwongera aliposikia mchungaji anakuja, alifagia uwanja mpaka barabarani. Aliazima vikombe. Aliwavisha watoto nguo za Krismasi, akachinja jogoo wa mwisho aliyebaki. Mchungaji alikula, akaomba, akaondoka akisema kwamba nyumba hiyo imebarikiwa. Mahindi ya manjano ya msaada yakaenda kwa jirani, aliyempokea mchungaji bila hata kunawa tope miguuni. Watoto walilala njaa wiki zile, lakini mama hakujilaumu, wala hakuna aliyemlaumu. Mgeni ni mgeni. Hadithi hiyo ilisimuliwa kwao miaka mingi kama kichekesho, na Mwongera ndiye aliyejua kuisimulia, akimwigiza mchungaji anavyojipapasa tumbo mlangoni.

Phyllis aliipenda sana hadithi hiyo. Yeye alikuwa Mwembu, wa upande wa Runyenjes, na alikuja Kaaga kijana kupika katika shule moja. Alikuwa na kicheko kinachotangulia maneno. Alimwambia Mwongera, wakiwa bado wachumba, kwamba yeye akifa atataka kuzikwa na ufagio, na kwamba Wameru wote ni wagonjwa wa wageni. "Sisi Embu," alisema, "mgeni akikuta tumegombana, tunamwambia akae atuamue." Waliishi hivyo, wakitaniana kwa lugha mbili zinazosikilizana, wakapata watoto wawili. Mkubwa, msichana, yuko Timau kwenye mashamba ya maua. Wa pili ni msichana pia, Wawira, aliyepewa jina la nyanya yake wa Embu, na kwa bahati aliolewa hukohuko Embu.

Alipoacha kazi ya shule, Phyllis alianza kuuza chai na uji kando ya barabara kuu, upande wa duka la rangi. Steji ya mumewe ilikuwa upande wa pili. Kila asubuhi alivuka na beseni lenye flaski na vikombe kuwapelekea vijana chai, na vijana walimngoja yeye kuliko walivyongoja abiria.

Sasa, hapo barabarani kuna jambo ambalo mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Pikapu za miraa kutoka Laare hupita hapo zikikimbilia Nairobi, taa zimewashwa mchana kweupe, na kila mtu huzipisha. Miraa ikichelewa imekufa, na watu wengi wanakula kwa majani hayo, hata wasioyatafuna. Hakuna anayeweka kinyongo. Mama aliye na mtoto mgongoni akisikia honi ile ndefu hurudi nyuma, anavuta kanga, anangoja. Ndivyo tulivyozoea.

Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu. Phyllis alisimama ukingoni na beseni lake, akamwinulia Mwongera mkono mmoja kumsalimu. Mwongera naye akainua wake. Lori lililokuwa limeegeshwa vibaya lilimziba upande wa juu. Phyllis akashuka barabarani, na pikapu ikaja. Dereva, kijana mdogo kutoka Laare, aliketi kwenye tope akilia mpaka polisi walipofika, akirudia neno moja, "Sikumwona. Sikumwona, Mzee, walahi sikumwona." Mwongera alimwamini. Hilo ndilo lililomkaa rohoni kuliko yote, kwamba mke wake, mwenye mwili na kicheko kile, alisimama pale mchana na hakuonekana.

Jina halikupangwa na mtu. Baada ya mazishi vijana walipoulizana kwa simu wako wapi walijibu, "Niko hapa kwa Phyllis," na abiria wakalidaka, na makanga wakalikamilisha. Mwanzoni Mwongera alitaka kulipiga marufuku. Alisimama kwenye mkutano wa steji, akafungua mdomo, akaketi tena. Siku zilivyopita akagundua kwamba makanga wasipolitaja kwa muda, masikio yake hulitafuta.

Kwa ofisi ya mji alienda mara nyingi, amevaa koti. Hakuwa mtu wa makelele. Aliomba kitu kimoja tu: kitu chochote kitakachoyasimamisha magari pale kabla hajafa mwingine. Wakaleta matuta. Malori yakayasaga, mvua ikamalizia, na wenye magari wakafurahi. Marcella, mama aliyerithi meza ya chai ya Phyllis, alivuka na beseni lilelile kila asubuhi, na kila asubuhi Mwongera alisimama ukingoni akimtazama mpaka amfikie.

Ndipo akaja Felicitas.

Felicitas alikuwa injinia wa ofisi ya mji, msichana mwenye mwendo wa haraka na buti za vumbi. Kwao ni Meru, lakini alilelewa Nairobi, na Kimeru chake kilikuwa cha kuokoteza. Alifika steji siku moja, akaketi kwenye benchi bila kupangusa, akamweleza Mwongera kwamba mji umeomba ufadhili wa nje kwa ajili ya taa za barabarani, taa zenye akili.

"Taa tunajua," Mwongera akasema. "Za Nairobi nimeziona. Polisi anasimama chini yake anazipinga."

"Hizi si kama hizo, Mzee. Hizi ziko na kamera. Zinaangalia barabara. Mtu akisimama hapa kando akitaka kuvuka, taa inajua kuna mtu, inasimamisha magari."

Mwongera akamtazama. "Inamwona?"

"Inamwona."

"Hata akiwa mmoja?"

"Hata mmoja. Hata mtoto. Hata mvua ikinyesha."

"Na hizi pikapu za miraa?"

"Hata hizo. Ikipita na nyekundu inapigwa picha, faini inamngoja dereva kwa simu."

Mwongera aligeuka akatazama ng'ambo, pale kwenye meza ya chai. Felicitas alikuwa msichana mwenye akili, akamwacha atazame. Baadaye akaeleza mengine: mji hauna pesa hizo, wafadhili wana za mji mmoja tu wa kuanzia, na miji iliyobaki kwenye maombi ni miwili, Meru na Embu. Wageni wangekuja kuona njiapanda moja ya kila mji, ile yenye shida zaidi. Wangekaa asubuhi moja na mashine yao ya kuhesabu magari na watu, kisha waende Isiolo kupanda ndege. "Nimewaambia wakubwa wangu tuwaonyeshe hapa," alisema. "Wamekubali."

Mwongera alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kitu moja tu, Mzee," Felicitas akasema akisimama. "Hiyo siku msijisumbue. Msifanye kitu yoyote special. Wacheni kukae tu vile kukuwanga."

Alisema wazi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na Mwongera alisikia kila neno. Lakini huku kwetu maneno hayo yana desturi yake. Mgeni akikuambia usijisumbue, hataki hata maji, ameshiba, hapo ndipo unapomtuma mtoto akimbize kuku. Anayeyachukua maneno hayo jinsi yalivyo na kumwacha mgeni aketi na glasi ya maji atasemwa mpaka kaburini. Mwongera alimwona Felicitas kuwa msichana aliyelelewa vizuri. Alicheka kwa upole, akamwambia, "Tumesikia, mama. Hatutajisumbua."

Jioni yake akaitisha mkutano.

Aliwaambia vijana kwamba siku ya wageni hataki kuona pikipiki hata moja njiapanda. Wote wapeleke zao kule chini kwenye uwanja wa kanisa mpaka wageni waondoke. Wauza nguo za mitumba waliotandaza kando ya lami waliombwa wasitandaze. Mama mboga waliombwa wakae nyumbani asubuhi hiyo, na wakakubali, kwa sababu aliyeomba ni mume wa Phyllis. Makanga waliambiwa wapakie na kushushia mbele zaidi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliombwa awapitishe watoto kwa lango la nyuma, akaona hilo ni jambo la busara.

Kijana mmoja tu alinyoosha mkono, Mutegi, mbishi wa kuzaliwa. "Chairman, mimi sijaelewa. Si hawa watu wanakuja kuona jam? Sasa tukitoa jam wataona nini?"

"Wataona watu wenye adabu," Mwongera akasema.

"Lakini taa ni ya jam."

"Mutegi, siku utaenda kuomba msichana kwao, utaenda na suruali imepasuka ndio waone vile unahitaji mke?"

Steji nzima ilicheka, na Mutegi akacheka pia, akaketi. Mimi nakiri kwamba ningekuwa hapo ningecheka na wengine. Jibu lilikuwa tamu, na jibu tamu hummaliza mtu mwenye haki.

Zikabaki pikapu. Kwa hizo Mwongera alifanya kitu ambacho hakuna mtu mwingine wa Meru angeweza. Alipanda mwenyewe mpaka Laare, katikati ya mashamba ya miraa, akamtafuta Murithi, mnunuzi mkubwa anayepakia magari mengi ya huko. Murithi alijua yeye ni nani. Yule dereva wa siku ile alikuwa wake. Alimkaribisha Mwongera chai, na kabla haijamiminwa Mwongera akamwambia haja yake: asubuhi moja tu, pikapu zishuke kwa njia ya chini, zisipite Kwa Phyllis.

Murithi akaweka birika chini. "Baba Wawira," alisema, "tangu siku ile nimekuwa nikitafuta kitu naweza kukufanyia. Hii ni ndogo sana. Itafanyika."

Na ikafanyika. Sijui kama mnaelewa ukubwa wa jambo hilo, pikapu za miraa kugeuzwa njia kwa ombi la mtu mmoja. Kiongozi wa serikali hangeweza. Mapenzi ya watu kwa Phyllis yalifanya.

Siku ikafika, anga jeupe, Mlima Kenya umejitoa mawinguni wote. Mwongera alikuwa amevaa koti la harusi yake. Tangu alfajiri vijana walikuwa wamefagia njiapanda, si steji peke yake, lami yenyewe, kwa mifagio ya matawi, kisha wakanyunyiza maji vumbi litulie. Marcella aliweka meza moja yenye kitambaa cheupe, mandazi na chai ya maziwa. Wageni wakashuka kwenye magari mawili, wanaume na mwanamke mmoja, pamoja na Felicitas.

Mwongera aliwasalimu mmoja mmoja. Hakuutazama uso wa Felicitas, na laiti angeutazama.

Wageni walisimamisha mashine yao ukingoni, kwa miguu mitatu, mfano wa kamera ya mpiga picha wa harusi. Mashine ikaanza kutazama. Gari la mwalimu mmoja likapita polepole. Baada ya muda likapita trekta. Mbwa akavuka, akasimama katikati kujikuna, akaendelea. Ndege walisikika kwenye mikaratusi ya shule, na Mwongera aliwaza kwamba kwa miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kuwasikia.

Felicitas alimvuta kando. "Mzee, watu wako wapi?"

"Tumewaondoa," Mwongera akasema kwa fahari.

"Pikapu?"

"Zimepita chini. Nilienda Laare mimi mwenyewe."

Felicitas alifunga macho. Kisha akashika simu, akaenda nyuma ya magari ya wageni, na Mwongera akamsikia akizungumza haraka, akimsihi mtu. Alidhani ni mambo ya ofisi. Mgeni mmoja, mzee wa nywele za mvi, alikuwa amekunywa chai ya Marcella kikombe cha pili. Alimwambia Mwongera, na dereva wao akatafsiri, kwamba amezunguka miji mingi na hajaona njiapanda yenye utulivu namna hii, na kwamba watu wa hapa wanastahili pongezi.

Moyo wa Mwongera ulijaa. Alitazama ng'ambo ya barabara akasema kimoyomoyo, umesikia, mama Wawira? Nawaambieni ukweli, tangu amzike mkewe hakuwa na asubuhi njema kama ile. Wageni walipoondoka waliwapungia mkono, na vijana waliorudi mbio kutoka kanisani walipiga honi zote kwa pamoja. Kabla ya adhuhuri mitumba ilikuwa imetandazwa tena, watu wakisukumana, na pikapu ya kwanza ya Laare ikapita kwa honi yake ndefu. Marcella akarudi nyuma na beseni lake.

Habari ilichukua muda kufika, na Felicitas hakumtuma mtu. Alikuja mwenyewe, akaketi kwenye benchi lilelile.

"Wamepatia Embu, Mzee."

Mwongera hakuelewa. "Lakini walifurahi. Yule mzee alisema..."

"Walifurahi, ndiyo. Wamesema hapa hakuna shida. Mashine yao ilihesabu, ikakosa magari, ikakosa watu. Niliwaonyesha picha nilipiga siku zingine, nikawaambia kuhusu mama Wawira. Wakasema pole sana, lakini wao wanaamini mashine." Akatazama buti zake. "Embu walienda siku ya soko. Gari yao ilikwama kati ya mikokoteni na ng'ombe. Boda ilikwaruza mlango. Yule mzee alikanyagwa kiatu."

Watu wa Embu, Mungu awabariki, hawakufagia chochote.

"Nilikuambia, Mzee," Felicitas akasema, na hapo machozi yakamtoka. "Nilikuambia muache vile kukuwanga."

"Ulisema," Mwongera akajibu. "Nilifikiria ni heshima."

Wakubwa wa Felicitas walikuwa wamemuuliza ni nani aliyeondoa watu njiapanda. Alijibu kwamba ni yeye aliyeeleza vibaya, na jina la Mwongera hakulitaja, ingawa hilo lilimgharimu kazi nzuri aliyokuwa anaingojea. Mwongera alilijua hilo baadaye kutoka kwa mtu mwingine. Siku ile yeye alimsindikiza tu mpaka kwenye gari, akamfungulia mlango, akamwambia aende salama.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi huirudia methali hiyo kwenye mikutano ya kanisa na kuitikia amina, kisha tunaenda nyumbani kuazima vikombe. Mwongera alirudi akasimama penye ukingo wa lami. Alimkumbuka mama yake akifagia kuelekea barabarani, na jogoo, na mchungaji akijipapasa tumbo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hadithi ile haikumchekesha. Mutegi alimkaribia, na kwa ajabu, yule mbishi hakusema neno la nilikuambia. Alimletea kikombe cha chai.

"Nilimfagia mwenyewe, Mutegi," Mwongera akasema. "Nilimfagia mama Wawira na mikono yangu."

Tangu hapo hakushika tena ufagio. Vijana walifagia steji wenyewe, vibaya, ili asione aibu kuwaona wamemzidi. Kazi yake ikawa kuvuka mwenyewe kila asubuhi kwenda kumpokea Marcella beseni, na Marcella alimwacha afanye hivyo, ingawa chai ilimwagika njiani.

Mwaka uliofuata Wawira alijifungua mtoto wa pili, msichana tena. Kwa desturi ya Meru na ya Embu pia, msichana wa pili huchukua jina la mama mzaa mama. Kwa hiyo kuna Phyllis mwingine sasa, ana mashavu na hasira, na anaishi Embu. Mwongera alishuka kwenda kumwona na mfuko wa viazi vya Timau. Alimpakata, akamwimbia, akamwambia mambo kwa Kimeru ambayo Wawira alijifanya hayasikii. Siku ya kuondoka Wawira alimfunga mtoto mgongoni kumsindikiza babake.

"Tupite njia ya nyuma," alisema. "Ni karibu."

"Nipitishe kwa zile taa."

"Baba."

"Nipitishe, mama."

Walisimama ukingoni. Hakukuwa na mwingine anayevuka. Juu ya nguzo kulikuwa na jicho jeusi dogo, na Mwongera akaliinulia uso. Muda kidogo tu, taa ikabadilika. Basi likasimama. Boda zikasimama. Kando yao ikaja pikapu ya Laare, turubai limefungwa juu ya majani ya migomba, taa zake zinawaka mchana, honi ndefu, na ikafunga breki, ikasimama kwenye mstari mweupe. Mwongera alilitazama gurudumu lake mpaka likatulia kabisa.

Wawira akavuka akidhani baba yuko nyuma yake. Mwongera alibaki ukingoni. Wawira alipofika ng'ambo na kugeuka, magari yalikuwa yameshaanza kwenda, na pikapu ikapita ikiwahi Nairobi. Mwongera alikuwa upande huu, na Phyllis alikuwa upande ule, mgongoni mwa mama yake, barabara kati yao.

"Baba!" Wawira akaita kwa nguvu. "Usivuke! Ngoja hapo, itakuona!"

Akangoja. Mzee mmoja, mfuko mtupu mkononi. Na taa ikamwona, ikamsimamishia lori, na magari madogo, na boda, vyote kwa ajili yake. Barabara ikawa tupu. Mwongera hakushuka. Aliinua mkono wake, kama alivyouinua asubuhi ya manyunyu.

"Vuka, mama Wawira," alisema kwa Kimeru. "Vuka sasa. Wamesimama."

Akangoja kwa kadiri ambayo mwanamke mwenye beseni la vikombe angehitaji, akitembea bila kumwaga chai. Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani akamtazama. Mwingine nyuma akapiga honi. Ndipo Mwongera alipojikaza akavuka kwa haraka, taa ikiwa karibu kugeuka, na Wawira akamdaka mkono.

"Ulikuwa unaongea na nani, Baba?"

"Na mama yako." Alikigusa kisigino cha mtoto, akakifunika vizuri na kanga. "Amevuka."

Kisha akauliza magari ya Meru yanapakia wapi siku hizi.